Kibuyu Kisicho na Kifuniko

Mjukuu wangu Adela,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti la bibi yako limepoa, na ameanza tena kunigombeza. Umeuliza kwa nini nang'ang'ania gia za mkono wakati otomatiki zimejaa.

Miaka ya themanini niliendesha pikapu ya kahawa hapa Nyakakika. Nilikuwa nimemposa bibi yako, lakini baba yake, mfugaji, hakuwa amejibu. Siku moja aliomba nimfikishe Chonyonyo, akapanda na kibuyu cha maziwa amekipakata, kimejaa, hakina kifuniko.

"Mzee, kifuniko kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani. Wewe endesha."

Nikajua napimwa. Kila kilima nilisikiliza kwanza injini ndipo niguse gia, kisha nikaachia klachi taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Nilitokwa jasho kuliko rejeta.

Tulipofika, alipapasa kanzu yake, akaikuta kavu. Akanikabidhi kibuyu.

"Kunywa, mkwe wangu."

Wewe nunua gari ulipendalo. Ila siku ile ningekuwa na otomatiki, nadhani mzee angelinywesha gari.

Babu yako anayekupenda