Babu Mpya na Misumari Mdomoni

Mpendwa Shangazi, naomba msaada, na nakuandikia kwa mkono maana mdomo wenyewe ndio wenye kesi. Mimi ni fundi wa kuwamba makochi, nimevuka hamsini, tumbo limenitangulia na nywele zimebaki nyuma, kwa hiyo usidhani nalilia urembo. Mwaka wa tatu huu mdomo wangu unatoka malengelenge, yanaanza kwa kuwasha, yanapasuka, yanakauka, nashukuru Mungu, mwezi haujaisha yamerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli, na ndani ya shavu vidonda vyeupe, na sasa hata kidole gumba na cha shahada vimeota vilengelenge vilevile. Nimepaka ndimu nikaona nyota mchana, nimepaka hata spiriti ya kusafishia gundi. Kazini sina wa kumweleza, mdomo muda wote umejaa misumari ninayosubiri kuipigilia, ila seremala jirani aliniangalia akasema, "Mzee, hiyo ni damu inakusema," na tangu hapo nawahesabu wote niliowajua kabla ya ndoa. Nimejitengea kikombe, nalala nimeupa ukuta uso, mama watoto kaniuliza, "Baba nanihii, kuna mtu huko nje?" nikajibu kazi zimezidi. Jumamosi binti yetu analeta mjukuu wa kwanza, ana wiki tatu, na kwenye simu kasema, "Baba, busu lako linasubiriwa." Nimbusu, au nisingizie safari?

Fundi Mwoga

Fundi, pole sana. Sasa kaa nikugombeze.

Misumari mdomoni! Umeipitia kama mtu anayetaja hali ya hewa. Inachubua shavu, inagusa lengelenge, kisha unaishika kwa vidole vilevile inavyovichoma. Huenda umejipandia ugonjwa kidoleni mwenyewe, msumari kwa msumari. Nunua nyundo yenye sumaku, ikushikie msumari badala ya mdomo. Ndimu rudisha jikoni, spiriti kwenye gundi, na vilengelenge vya vidoleni usivitumbue.

Malengelenge ya namna hiyo mara nyingi huletwa na kirusi ambacho watu wengi tunacho, hata mimi ninayekufokea. Hujificha, kisha huamka ukichoka au ukiugua. Dawa ipo, na hufanya kazi vizuri ukiiwahi pale panapoanza kuwasha. Nenda zahanati kesho, si Jumatatu. Waombe wapime sukari, upungufu wa damu na virusi vya UKIMWI pia. Seremala anajua mbao. Damu inasomwa maabara. Kidonda kikipita wiki mbili bila kupona, rudi.

Mjukuu usimbusu. Kirusi hiki kwako ni kero, kwa mtoto wa wiki tatu kinaweza kuwa hatari kubwa. Usimshike pia mpaka daktari akuruhusu. Wala usisafiri! Keti hapo hapo umwimbie, hata kama sauti yako ni kama yangu, ya mlango usiotiwa mafuta. Yeye hatakumbuka nani alimbusu.

Mama watoto ndiye anayekumbuka kila usiku ulioupa ukuta uso. Mwambie leo, mwende wote zahanati. Kikombe kitenge mpaka upone. Mke usimtenge.