Mistari Kumi na Saba

Jumanne, 10 Juni 2025

Sijamwambia mtu, na hata kwenye sala nimepita pembeni: nataka Godbless aaibike. Mbele za watu.

Ni mtoto wa mama mkubwa. Alinichukua ofisini kwake mjini nijifunze kompyuta huku nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Tunatumia programu ya bure inayotunza kila hatua ya kazi, ukiharibu unarudi nyuma. Ina amri ya kufagia folda zisizotakiwa. Ilikuwa inakula dakika kumi na moja. Nilitafuta sababu wiki mbili. Kumbe kabla ya kufuta folda inataka kujua kama ndani kuna mradi mwingine unaojitegemea, usiotakiwa kuguswa — na ili ijue, inasoma kila kitu. Kama mgeni anayetaka kujua nyumba ina watu, badala ya kuchungulia anakaa kabisa na kusubiri chai. Mimi nikaifanya ichungulie tu: kuna alama ya mradi au hakuna? Mistari kumi na saba ya maagizo. Sekunde nne.

Niliona haya kuwatumia wenye programu. Nikampa Godbless asahihishe Kiingereza changu. Leo ameituma kwao mistari yangu. Jina lake tu.

Amesema ndio utaratibu wa ofisi, nisiwe na moyo mdogo. Nikasema sawa, kaka.

Alhamisi, 12 Juni

Msimamizi mmoja wa programu ameandika swali. Godbless akavuta kiti mpaka mezani kwangu, sauti chini.

"Eli, huyu jamaa anauliza nini hapa?"

Anauliza: je, alama ikiwa ni faili na si folda? Nilielewa palepale. Kuna miradi ambayo alama yake ni faili dogo tu. Mistari yangu hailioni. Itasema humu hamna mtu, itafuta vyote.

"Sijui, kaka."

Akajibu kwamba imeshapimwa vizuri. Kisha akaiweka kwenye kompyuta kubwa ya ofisi.

Uongo wangu wa kwanza pale. Mtamu.

Jumapili, 15 Juni

Ametoa shukrani kanisani. Bwana amempa hekima ya kurekebisha chombo kinachotumiwa na dunia nzima. Vigelegele. Mimi kwenye kwaya, sauti ya pili, mdomo nimeufumba.

Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, Mama akang'ang'ania jogoo aliyetolewa na Godbless mpaka akampata. Jirani yetu Mama Elinaza akamtania: "Huyo wa kompyuta atakuwikia Kiingereza."

"Awike tu, shoga. Baraka ihamie kwangu."

Njiani akaniambia nimwige kaka yangu. Nimembeba jogoo hadi nyumbani Tengeru.

Jumatatu, 16 Juni

Dawa ya tundu lile la mistari yangu nimeipata. Mistari mitatu. Sijampa mtu.

Lakini folda ya dada Hedwiga wa hapa ofisini, kwenye kompyuta kubwa, ni ya aina ile ile — alama yake ni faili. Humo ndimo lilimo daftari la kompyuta la wakulima wa kahawa analolitengeneza tangu Aprili. Keshokutwa viongozi wa chama chao cha ushirika wanakuja kuliona. Wakilipenda, anaajiriwa. Na kazi ya wiki sita hajaihifadhi kwenye programu. Nilimwambia ahifadhi, akacheka. Ati kuhifadhi kitu nusu ni kupakua machalari ndizi hazijaiva, mdogo wangu.

Alipotoka kununua maandazi nikanakili folda yote kwenye flashi. Sitaki aumie yeye.

Jumatano, 18 Juni, saa tano asubuhi

Niko chooni, ofisini. Naandika magotini.

Wazee watatu wa chama wamekuja na makoti yao, Mlima Meru umefunikwa na mawingu toka jana. Kabla Hedwiga hajaonyesha chochote, Godbless akataka kwanza waone chombo chake.

"Sasa hiyo inafuta nini, kijana?" akauliza mmoja wao, mzee Philemoni.

"Takataka, mzee wangu."

Akabonyeza. Sekunde nne. Makofi. Hata mimi nikapiga.

Hedwiga akakaa kwenye kiti. Akatafuta. Akatafuta tena. "Kaka Godbless, folda yangu siioni."

Nilimwona Godbless akitoka jasho. Nililisubiri siku nane jasho hilo. Halafu akajikohoza, akasema mbele ya wazee: "Hedwiga, mara ngapi tumekuambia uhifadhi kazi?"

Hilo sikulipanga.

Wazee wanapewa chai. Mzee Philemoni ameangalia saa mara mbili. Flashi iko kwenye soksi. Nikiitoa sasa, Godbless atatoa shukrani nyingine. Nataka kwanza akiri kwa kinywa chake kwamba mistari ile si yake, ni yangu.

Na akikiri — basi iliyofuta kazi ya Hedwiga ni mistari yangu. Na nilijua tangu Alhamisi.

"Eli? Unaumwa, mdogo wangu? Nikuletee maji?"

Ni Hedwiga. Sauti ya mtu aliyelia. Nimemjibu ni tumbo tu, dada.

Hajaondoka. Naona viatu vyake chini ya mlango. Wewe daftari ndiwe peke yako unayejua kilichomo kwenye soksi. Usimwambie. Bado kidogo tu, usimwambie.