Joyceline, Wale Sisimizi Walikuwa Wanatuambia

Ni mwaka mmoja sasa, Joyceline, tangu tulipokulaza Mazinde kando ya babu yako, Februari ile ya jua kali. Kikombe chako cha bati bado kipo juu ya mtungi hapa nyumbani Kwedizinga. Mama yako hataki mtu akiondoe.

Ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu uitwe daktari. Si daktari wa kutibu watu, wa utafiti. Baba yako ulimweleza mara tatu na bado akakuuliza, "Sasa mgonjwa akija hapa nyumbani nimwambieje?"

"Mwambie aende zahanati, baba. Wagonjwa wangu mimi wako kwenye chupa."

Na kweli walikuwa kwenye chupa. Huko chuoni Morogoro ulikuwa unakuza seli zilizotokana na kiwavi jeshi, huyu huyu anayetumalizia mahindi. Baba mdogo wako Mbwana siku aliyosikia alikaa chini kwa kicheko. "Sisi tunapiga dawa viwavi wafe, wewe unawalisha! Wenzio wanachunga mbuzi, we Mama Viwavi!"

"Baba mdogo, siku seli zangu zikitusaidia kupata chanjo ya hao mbuzi wako, utakuja kuniomba radhi."

"Nitakuja na beberu mzima," akasema. Hadi leo akimwona yule beberu anageuza uso.

Mama yako aliishia darasa la saba, lakini hukumchoka. Mlikuwa mnapukuchua mahindi, ukamwambia kwamba seli inakula kama mtu. Inachukua sukari, inapata nguvu, inatoa uchafu. Kazi yako wewe ilikuwa kupima kila siku imekula kiasi gani na imetoa nini. Ikikosa sukari inaanza kula akiba yake yenyewe, inakonda, inakufa. Mama akauliza, "Kwa hiyo zinaona njaa kama sisi?" Ukacheka mpaka punje zikakumwagikia mapajani. "Kuliko sisi, mama. Tena hazijui kuomba."

Hata likizo hukuziacha. Kila asubuhi ulipanda juu ya kichuguu cha nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, tukakusikia unampigia mwenzako wa maabara. "Abdulaziz, umezibadilishia chakula? Joto umeangalia?" Naye anajibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Dada, zimeshiba kuliko mimi!"

Jioni ulikuwa wa Ikram, mjukuu wa jirani yetu Bi Fatu. Ulimchorea seli mchangani kwa kijiti, na akikosea ulifuta kwa kiganja mkaanza upya. Hukuwahi kumwita mjinga mtoto wa mtu.

Sasa mama yako anafika pale anapoogopa kufika. Lakini ameamua kusema, maana kuna kina mama watasoma haya.

Januari ile ulikuja umekonda. Mama akasema ni masomo. Ulikunywa maji kikombe juu ya kikombe, mtungi wa asubuhi ukifika saa sita umekauka. Mama akasema ni jua. Ulikuwa unakwenda kujisaidia kila mara, na wewe mwenyewe ukasema, "Si ndiyo hayo maji ninayokunywa, mama." Ulichoka hata kupanda kichuguu chako. Basi mama akafanya kile ambacho mama yeyote wa huku angefanya. Alinunua glukosi ya pakiti akakukorogea asubuhi na jioni. Alikupikia uji wa ulezi, akautia sukari mpaka kijiko kikasimama. Miwa alikumenyea kwa mkono wake. Alitaka urudi chuoni una mashavu.

Na wewe uliyepima sukari ya seli kila siku hukupima ya kwako. Sindano ulikuwa unaiogopa tangu mdogo, na ulisema utakwenda zahanati ukishamaliza kuandika sura ya nne ya utafiti wako.

Kisha sisimizi. Waliingia bafuni uani, mstari mweusi, wakajaa pale ulipokuwa unajisaidia wewe tu. Bi Fatu alikuja kuazima ungo akawaona. "Mama Joyceline, hawa wamefuata nini huku? Mmemwaga uji?"

"Labda watoto," mama akajibu. Akachukua fagio akawafagia, akamwaga na majivu. Walirudi siku ya pili, akafagia tena. Siku nne alifagia, Joyceline.

Siku ya tano ulianza kutapika, unahema mbiombio, na pumzi yako ina harufu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulikukimbiza hospitali Korogwe. Daktari alijitahidi, mama anamshuhudia kwa hilo. Alitoka akasema, "Mama, sukari imejaa kwenye damu yake mpaka inatoka na mkojo, lakini seli zina njaa. Haziwezi kuichukua." Alitaka kueleza seli ni nini. Mama akamwambia, "Ninajua, baba. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Kesho yake mchana uliondoka.

Baba yako humwambia mama, "Yusta, hukujua." Ni kweli, hakujua. Ndiyo maana anaandika, ili mwingine asiseme hakujua.

Maana Oktoba iliyopita Bi Fatu aliita ukutani, "Mama Joyceline, una glukosi imebaki? Ikram amenyong'onyea, amebaki mifupa, maji anakunywa kama ng'ombe." Mama yako alidondosha sufuria. Alikwenda moja kwa moja bafuni kwa Bi Fatu akainama. Sisimizi walikuwepo.

"Usimpe kitu kitamu! Mshike mkono twende!"

"Twende wapi, na chai iko jikoni?"

"Chai ife!"

Zahanati walimtoboa kidole Ikram, tone moja la damu. Sukari ilikuwa juu sana, akapelekwa Korogwe siku hiyohiyo. Leo anajichoma mwenyewe sindano ya kushusha sukari asubuhi na jioni, na shule anakwenda. Juzi alimwambia mama yako kwamba akimaliza atakwenda kusoma seli. Mama alimtengenezea uji, hakuutia sukari.

Si kila sisimizi ni ugonjwa. Lakini mtoto akikonda ghafla huku anakula, akiwa na kiu isiyoisha na haja ndogo kila mara, acheni kumkorogea glukosi. Mpelekeni akapimwe. Awe msomi, awe mkubwa, mpelekeni.

Abdulaziz alikuja arobaini yako. Alituambia zile seli bado zinaishi, zimegawanyika na kugawanyika, na anazilisha kwa saa zilezile ulizoandika wewe. Mama alilia, halafu akamuuliza, "Na wewe unakula?"

Jumamosi hii tutakusalia Mazinde. Baada ya ibada muuguzi atakaa pale nje na kipimo cha sukari. Baba mdogo Mbwana ameapa kuwa wa kwanza kutoa kidole, na beberu atachinjwa, maana deni ni deni hata bila chanjo.

Unakumbukwa na mama yako Yusta, baba yako Yordani Mhina, wadogo zako Edna na Benedicto, baba mdogo Mbwana, jirani zako Bi Fatu na Ikram, na Abdulaziz na wenzako wote wa maabara.

Daima tutakukumbuka, Joyceline, na fagio hatutalishika tena kabla ya kuuliza sisimizi wamefuata nini.