Sahihi ya Mshonaji

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi mzima wa mwili, ila roho imechafuka. Nimepewa kitenzi kimoja cha Kiingereza, cha kuvunja, nikitafutie Kihispania chake na misemo yake yote. Waingereza huvunja kila kitu: ahadi, rekodi, habari, hata farasi wanapomfunza kutii. Kazi naipenda. Kinachonitia kinyaa ni ofisi. Wenzangu wananakili kamusi kuukuu pamoja na makosa yake, na mkuu wetu anapekua kurasa za watu kwa vidole vyenye mafuta ya chakula.

Kitabu chetu, kamusi mpya ya Kiingereza na Kihispania, kina sharti moja zuri: kila sentensi isikilizwe na aliyezaliwa na Kihispania, kisha sahihi yake ichapwe pembeni. Wewe uliyekuwa mkalimani wa Kihispania mahakamani, nakuomba umsomee jirani yako mshonaji, mzaliwa wa lugha hiyo, hizi sentensi arobaini za mwanzo.

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina mambo yake, tumeshazoeana. Nilimsomea mshonaji akinipima gauni, pini mdomoni. Sentensi ikiwa mbovu anazitema. Alizitema mara kumi na mbili, na sentensi hizo kumi na mbili ameziandika upya. Ule msemo wa kumtakia mwigizaji heri kwa kumwambia avunjike mguu, anasema kwao humtakia mavi mengi. Nikadhani ananitania.

"Andika hivyohivyo, mama, usinipambie," akaniambia. Nimeandika, pua nimeikunja.

Zote arobaini ametia sahihi, polepole, kama anayetarizi. Anasema jina lake halijawahi kuingia kitabuni. Leta zilizobaki.

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Nisamehe kwa ufupi, mkuu ameiwahisha siku ya kuchapa. Zimebaki sentensi mia mbili na sitini, nitazituma wiki hii. Msalimie mshonaji.

Mwanao mwenye haraka

27 Juni

Mwanangu,

Sijambo, sijui wewe. Nilingoja sentensi, kikaja kitabu. Mshonaji alikinunua mwenyewe, akakiweka juu ya meza ya cherehani wateja wakione. Jumanne wakaingia wanawake wawili wa lugha yake, wakasoma, wakacheka hadi wakakaa chini. Eti habari inapasuliwa kama sahani, na farasi anavunjwa mifupa. Pembeni ya kila upuuzi ipo sahihi yake. Sentensi mia mbili na sitini ambazo hajazisikia hata moja.

Amenirudishia gauni langu likiwa na pini zake. Nani kafanya uchafu huu? Niambie ni wapiga chapa.

Mama yako

4 Julai

Mama,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa. Si wapiga chapa. Mkuu alisema sentensi isiyo na sahihi itatolewa, na mimi nilitaka kitenzi changu kiwe kirefu kuliko vyote kitabuni. Wenzangu walipokwenda kula, nikatoa nakala ya sahihi yake moja, nikaibandika pembeni ya zote. Wenzangu walionitia kinyaa hawakufika huko. Sasa najitia kinyaa mwenyewe.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja nyumbani kukuomba radhi.

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, naitikia kwa kuwa nilikuzaa. Barua yako niliisoma, kisha nikaenda kunawa mikono.

Kwangu huna la kuomba, si mimi ninayechekwa. Mshonaji ameshusha kibao chenye jina lake mlangoni, na wanaopita wanamwita kwa zile sentensi zako. Utaanzia kwake. Usimpelekee zawadi, wala mkuu wako usimtaje. Nenda na kitabu na kalamu, ukae chini, umsomee zote mia mbili na sitini kwa sauti, wateja wakiwepo. Watakaocheka wacheke, wewe endelea kusoma. Atakachokwambia uandike, andika.

Asipokufungulia, panda basi urudi ulikotoka. Kwangu usipite.

Mama yako