Jina la Wino, Jina la Penseli

Jumatatu, 4 Julai 1966
Homa Bay, ofisi ya barabara. Nimeita majina saa moja kasorobo. Watu thelathini na mmoja. Wa kudumu naandika kwa wino, vibarua kwa penseli. Wawili hawakufika, nikawafuta. Mwaka wa kumi na moja huu nafuta watu kwa kipande cha raba, na sijamuuliza hata mmoja atakula nini jioni. Mimi ni nyapara, si mama yao.

Mtaro wa barabara ya Kendu Bay umeziba tena. Okelo, msaidizi wangu, kachelewa tena. Eti baiskeli. Nimechoka na Okelo, nimechoka na mtaro, nimechoka na hizi shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi ambazo hazijasogea tangu bendera ibadilike.

Jumamosi, 9 Julai
Barua kutoka Migori. Kanisa moja huko linataka zahanati ya vyumba vinne. Saruji, mbao na mabati watanunua wao. Matofali yafyatuliwe pale pale. Kazi ya mikono yote, elfu nne. Mwisho tarehe 16 Desemba. Kila wiki ya kuchelewa, mia moja inakatwa.

Nimepiga hesabu mara tatu. Watu kumi na wawili, miezi mitano. Nikitoa malipo yao na chakula nabaki na elfu mbili. Ofisini miezi hiyo hiyo ni elfu moja na mia mbili. Na binti yangu Auma anaingia sekondari Januari, bweni, mia nne na hamsini kwa mwaka. Ningelipa mwaka mzima kwa mkupuo na chenji ingebaki.

Jumapili, 10 Julai
Min Auma, mke wangu, hataki. Amekuja moja kwa moja: ukiugua, nani atakulipa? Nikamwambia siugui.

Nimegawanya ukurasa. Kushoto, mambo ya ofisi: likizo ya malipo, ruhusa ya msiba, mkopo wa karo, pesa ya uzeeni. Kulia, elfu mbili. Nimeutazama ule upande wa kushoto, nikauona maneno matupu. Wa kulia ni pesa.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama huyu hakisomi. Biblia yake ni ya Kijaluo. Afadhali.

Ijumaa, 29 Julai
Nimeacha kazi. Karani amenieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba sijafikisha miaka kumi na mitano, kwa hiyo pesa ya uzeeni hakuna. Nilijua. Kuambiwa usoni ni kitu kingine.

Nimemkabidhi Okelo kitabu cha majina, kalamu, penseli na raba. Ametoa meno yote nje. Haya, ni zamu yake kuzibua mitaro.

Alhamisi, 11 Agosti
Migori. Kumi na mmoja kati ya watu wangu kumi na wawili ni wa ukoo wetu, Kendu Bay. Nimewachagua kwa akili. Jamaa yako anakubali kula leo na kulipwa kazi ikiisha. Mtu baki anataka pesa yake Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe.

Wa kumi na wawili ni Chacha, Mkuria, fundi wa tanuru. Hakuna wa kwetu anayejua kuchoma matofali kama yeye. Amenishauri nichanganye watu, nichukue wengine wa hapa. Nimemjibu vibaya kidogo. Kontrakta ni nani hapa?

Jumatano, 14 Septemba
Msingi umekubaliwa. Elfu ya kwanza iko mfukoni. Matofali elfu tano yamepangwa, yanakauka. Tukimaliza elfu nane tunachoma.

Pale sokoni Migori wananiita Kontrakta. Muuza chai ananifutia kiti. Nimenunua kofia. Nalipenda hilo jina, nakiri. Kwa nini nisilipende? Ofisini nilikuwa "wewe, nyapara".

Jumanne, 27 Septemba
Baba mdogo Ogutu amefariki. Ndiye aliyenilipia shule baba yangu alipokufa. Nimelia kama mtoto, mbele ya watu, na sioni haya.

Aliyeleta habari hakumaliza kusema. Wote kumi na mmoja walikuwa wameshaweka majembe chini. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Waniombe vipi? Marehemu ni baba yangu na ni baba yao. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilihesabu saruji, nikahesabu mvua, nikahesabu hata unga. Kufiwa sikukuhesabu. Na nimeajiri matanga mazima, kijiko hadi sufuria.

Chacha alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Akaniambia pole, halafu akasema: "Na sisi tunakufa, bwana, lakini hatufi siku moja na nyinyi." Hakuwa ananicheka. Ndiyo maana imeniuma. Nimemwachia tanuru, matofali na funguo.

Ijumaa, 30 Septemba
Kendu Bay. Tumezika.

Mwaka jana shangazi alipokufa nilitoa shilingi kumi na hakuna aliyegeuza shingo. Mtu wa mshahara, watu wanajua mshahara wake. Jana wazee waliketi na kukata shauri bila kuniangalia: Kontrakta atatoa dume la ng'ombe. Kontrakta! Ile elfu imeishia kwenye zana, kuni za tanuru na madeni ya chakula; mfukoni nina mia na themanini, na hizo ni za unga wa wafanyakazi.

Dume ninalo moja. Min Auma amelilea miaka mitatu, la kuuzwa kwa ajili ya Auma kama mambo yangeharibika. Ningesema sina? Kwa mtu aliyenisomesha? Limechinjwa asubuhi. Min Auma amepika nyama yake na kuigawa, na hakunitazama hata mara moja.

Alhamisi, 6 Oktoba
Bado niko matangani. Leo ilikuwa buru. Vijana wamekimbiza ng'ombe na mikuki hadi ziwani kufukuza kifo. Nimekimbia nao, umri huu, huku nikiwaza matofali.

Jana usiku mvua kubwa. Kama imenyesha huku, Migori imenyesha zaidi. Matofali mabichi na mvua! Siwezi kuondoka kabla ya watu kunyolewa nywele na matanga kwisha. Nikiondoka, nitaambiwa nimemwacha baba peke yake kwa ajili ya pesa. Na wale kumi na mmoja siwezi kuwaamuru. Hapa si nyapara, si Kontrakta. Mimi ni mtoto wa nyumba kama wao.

Okelo amekuja kutoa pole. Kapewa ruhusa ya siku tatu, mshahara unatembea. Ameketi kwenye kigoda, anakula nyama ya dume langu, na analipwa kuila. Akasema, omera, ndugu yangu, pole sana, kazi ya kujitegemea ina uhuru wake. Kidogo nimpige.

Jumanne, 18 Oktoba
Migori. Siku ishirini na moja zimekwenda. Wamerudi saba. Wanne wamebaki kwao, mjane hana mtu wa shamba.

Matofali yamerudi kuwa udongo. Safu kwa safu, yamelala tu, yamechoka. Chacha aliezeka majani usiku ule, yalipoisha akaweka migomba, migomba ilipoisha akaweka blanketi lake. Amenionyesha aliyookoa. Elfu moja na mia mbili. Blanketi limeoza. Nimeshindwa kumshukuru ipasavyo, nikajifanya natazama tanuru.

Jumatatu, 21 Novemba
Nimeajiri watu sita wa hapa, wa kulipwa Jumamosi. Tumefyatua upya, tumechoma, kuta zimefika kwenye linta, juu ya milango. Elfu ya pili imeingia na kutoka siku hiyo hiyo.

Kofia sivai tena. Inanichoma kichwa. Nimegombana na muuza chai bila sababu.

Auma ameandika. Mwandiko mzuri. Anauliza kama anunue sanduku la bati au la mbao. Sijajibu.

Ijumaa, 6 Januari 1967
Tumekabidhi zahanati. Wiki tatu baada ya siku yake, mia tatu zimekatwa. Walikata kwa upole na wakanipa soda. Mkataba niliusaini mwenyewe, simlaumu mtu.

Nimewalipa jamaa zangu wote, hata wale wanne, siku walizofanya. Nimemlipa Chacha pamoja na siku ishirini na moja alizokesha na matofali yangu, na blanketi jipya juu. Alikataa blanketi. Nikamtupia.

Iliyobaki ni mia mbili na sitini. Kwa miezi mitano. Nimeutafuta ule ukurasa wa Julai nikaufungua. Upande wa kulia nimechora mstari juu ya elfu mbili. Upande wa kushoto nimeusoma neno kwa neno, hasa pale paliposema ruhusa ya msiba. Mjinga mkubwa mimi.

Jumatatu, 9 Januari
Nimekwenda ofisini, nimevaa shati la kanisani. Nafasi ya kudumu hakuna. Ya nyapara ina mwenyewe. Kibarua, kama nataka, shilingi nne kwa siku. Mkopo wa karo? Karani akanitazama kwa huruma. Vibarua hawakopeshwi. Nilikuwa nawaambia hivyo mimi mwenyewe, kwenye dirisha lile lile.

Nimesema nataka.

Jumatatu, 16 Januari
Homa Bay. Auma ameondoka alfajiri na mama yake, sanduku la bati kichwani. Muhula wa kwanza umelipwa kwa pesa ya Migori. Min Auma hajasema "nilikwambia". Miezi yote hii nangoja aseme, hasemi.

Saa moja kasorobo nilikuwa kwenye mstari. Okelo aliita majina vizuri, sauti yake imekomaa. Alipofika kwangu akasita. Mkono ulienda kwenye kalamu, nadhani kwa mazoea, akanitazama, akairudisha mezani. Akachukua penseli. Ile ile, ina alama za meno yangu. Akaniandika, mstari wa mwisho.

Nikaitika.

Mtaro wa barabara ya Kendu Bay umeziba. Nimeuzibua hadi saa kumi.