Machozi Tuliyodhani Ni ya Mama Yake Hanzi

Kamwene, Baba.

Nakuandikia nikiwa Makambako, kwenye meza ya mapokezi ya gesti yangu, ile uliyokuwa ukiita nyumba ya watu wasiofika. Mvua inanyesha tangu asubuhi, malori ya Zambia yamejipanga barabarani na madereva wamelala humo humo ndani. Shangazi Ester yeye huzungumza nawe hivi hivi tu, akiwa anapepeta maharage. Mimi nimeshindwa. Halafu jambo lenyewe linahusu barua, na wewe barua uliziheshimu kuliko maneno ya mdomoni.

Kwanza habari za nyumbani. Mama amehamia kwangu. Analalamika kwamba honi za malori zinamkatisha sala, lakini nikimwambia arudi Njombe anasema nyumba ile ina baridi mno kwa mtu mmoja. Mwanao Obedi amepanda parachichi kwenye shamba lako la viazi, mpaka ukingoni mwa njia. Najua. Nilimwambia ungekasirika. Akanijibu kwamba ungekasirika wiki ya kwanza, ya pili ungekuwa unamfundisha jinsi ya kuzimwagilia. Na kweli ndivyo ulivyokuwa.

Sanduku lipo. Nimeliacha chumbani kwako palepale, na ufunguo ninao mimi.

Unakumbuka ulivyotusimulia tangu tukiwa wadogo? Kwamba mwishoni mwa karne ile ya kumi na tisa mmisionari wa Kijerumani na mkewe walijenga kwenye kilima chetu, na Tabita, mama yake bibi yako mzaa mama, akawa yaya wa mtoto wao, Hanzi. Mtoto akafariki akiwa bado mdogo sana, akazikwa palepale kilimani. Wazazi walipoondoka walimwachia Bibi Tabita sanduku la barua na karatasi za nyumba yao, wakasema watalifuata. Hawakulifuata. Likapita mikono ya wazee wetu mpaka likafika kwako, fundi seremala na mzee wa kanisa, mtu asiyejua neno moja la Kijerumani.

Na bado ulizisoma! Sijui niiteje kazi ile kama si kusoma. Ulitulazimisha kunawa mikono kwanza. "Naweni, haya si maandazi." Kisha ulizitandaza juu ya shuka jeupe, ukatuonyesha huu ni mwandiko wa bwana, unalala upande mmoja, na huu ni wa mama, umesimama wima. Hapa alikuwa na haraka, hapa amechoka, hapa wino umeisha akachovya tena. Uliwajua wale watu kwa mikono yao kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake. Mimi nilikuwa naona michirizi tu, lakini nilikaa karibu nawe kwa ajili ya sauti yako.

Na kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka, ukoo ulipokwenda kilimani kufyeka majani ili makaburi yawe tayari kwa ibada ya alfajiri, ulibeba barua moja tu. Ile yenye doa kubwa katikati, ambapo maneno yameyeyuka na mistari imepinda. Ulisimama kwenye kaburi la Hanzi ukaiinua. Ulisema hii ndiyo barua ya mama yake alipofiwa. Tazameni mkono ulivyotetemeka. Tazameni machozi yalipodondoka. Sisi tukatazama, na akina mama wakafuta macho. Mimi mwenyewe nimemlilia mtoto yule wa Kizungu miaka mingi, Baba, kuliko nilivyowalilia baadhi ya ndugu zangu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa pili walikuja wageni wa dayosisi, na miongoni mwao bibi mmoja wa Kijerumani mwenye mvi, mwalimu mstaafu. Kiswahili anakijua, alifundisha huku ujanani. Alisema mwandiko ule wa kale alifundishwa na bibi yake mzaa mama, kwa hiyo anaweza kuusoma. Nikapanda gari nikaenda Njombe, nikamfungulia. Alinawa mikono bila kuambiwa, nikajua ungempenda. Na mimi, kwa fahari tu, nikamwekea mbele ile yenye doa kabla ya nyingine zote.

Alisoma kimya. Halafu akatabasamu, na mimi nikachukia lile tabasamu.

Akaniambia si barua ya msiba. Mama yule anamwandikia mama yake mzazi, anaomba uzi wa soksi kwa sababu soksi za mwanzo hazimwingii tena Hanzi. Anasema mtoto ameanza kusimama akishika mguu wa meza. Anasema jana ameiba ugali wa ulezi jikoni akajipaka mpaka masikioni. Halafu mistari inaanza kupinda, na kando ya doa ameandika hivi, bibi yule alinisomea mara mbili nikayanakili: "Nimempakata huku naandika, naye ameuvuta mkono wangu na kumwaga kikombe cha maji juu ya karatasi. Tabita anacheka mpaka amekaa chini. Nami nacheka. Hii siwezi kuituma, itabidi niandike nyingine."

Ndiyo maana ilibaki kwetu. Nyingine ilikwenda Ujerumani, hii ikatupwa sandukuni. Ya kifo haimo. Alizipitia karatasi zote siku mbili, hakuiona.

Nilimweleza yale uliyokuwa ukituambia. Akasema, "Baba yako aliona sawa kwamba mkono ulitikisika. Sababu tu ndiyo hakuijua." Alisema kwa upole, lakini niliumia. Nilitamani asingekuja. Nilikuona umesimama pale kilimani na koti lako la kanisani, umeinua juu maji ya kikombe, na watu wazima wanalia.

Nikamwambia Shangazi Ester. Alishusha ungo wake chini. "Mwanangu, ndugu yangu hajamaliza mwaka. Unataka kumfanya mwongo, tena mbele ya kaburi lake mwenyewe?" Nikasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Akasema, "Ndiyo, lakini Mungu hajakutuma wewe." Akaniomba niishike barua kama ulivyoishika, niseme kama ulivyosema, na hayo ya soksi niyaache Ujerumani. Obedi alisema nifanye nipendavyo, maana Obedi siku zote anaogopa kukaa katikati ya wanawake wawili.

Nilikubali, Baba. Nataka ulijue hilo. Sikwenda kilimani nikiwa shujaa wa ukweli. Nilikwenda nimeamua kusema maneno yako, kwa sababu ni yako na kwa sababu haupo wa kujitetea.

Tulifyeka asubuhi yote. Majani yalikuwa marefu mwaka huu. Kaburi lako bado ni udongo, tutalijengea kiangazi. Nilipokuwa nang'oa majani pembeni yako, mke wa mchungaji akaja kunipa pole, kwa kuwa siku ya mazishi alikuwa safarini. Akaniuliza ilikuwaje. Nikaanza kumweleza kama ninavyomweleza kila mtu: kile kikohozi, kile kitanda cha hospitali cha karibu na mlango, ule upepo wa korido, jinsi ulivyoomba maji ukashindwa kuyameza. Ninayajua kwa moyo sasa. Nimeyasema kwa wateja, kwa madereva, kwa binti anayeniuzia mkaa.

Nikajisikia nikiyasema. Nikanyamaza katikati ya sentensi, yule mama akadhani nimezidiwa na uchungu.

Nilikuwa nimeshindwa kukumbuka kitu kingine chochote. Miaka yako yote sabini na ushee, na mimi nimeshika wiki moja tu, naiinua mbele za watu ili waone nilivyofiwa. Na Hanzi vilevile. Tulimjua kwa siku moja tu, ile aliyokufa, na siku nyingine zote zilikuwemo sandukuni.

Kwa hiyo nilipoitwa kusimama kaburini kwa Hanzi, nilitoa ile karatasi niliyonakili maneno ya yule bibi kwa Kiswahili, ilikuwa bado mkobani. Nilisema Baba alitufundisha kumlilia mtoto huyu wakati hana ndugu wa kumlilia, na kwa hilo hakukosea hata kidogo. Nikasema lakini barua yenyewe inasema hivi. Nikasoma yote, uzi wa soksi, mguu wa meza, ugali masikioni, kikombe, Tabita kukaa chini kwa kicheko.

Nilimtazama Shangazi, naye alikuwa ametazama chini, midomo ameibana. Nikajua nimemkosea. Nikaanza kuikunja karatasi.

Akasema, "Soma tena hapo pa Tabita."

Nikasoma tena. Akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema bibi yake naye alikuwa hivyo, akicheka lazima akae chini, na mama yake pia, na yeye mwenyewe magoti yanamwishia nguvu, tumtazame. Akakaa kweli, kwenye majani mabichi, na gauni lake. Kila mtu akacheka, mpaka mchungaji. Ndipo machozi yakamtoka, akakuita jina lako la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, na mimi nikalia pia. Kilikuwa kilio kizuri, Baba. Hakikuniacha mtupu.

Tukiteremka alinishika mkono, akasema hajanisamehe bado. Kesho yake baada ya ibada alinipa kuku.

Haya, Baba yangu, wacha nikuage. Mvua imepungua na kuna dereva anataka chumba. Ile wiki ya hospitali sitaisahau, usidhani, lakini sitaisimulia tena kwa kila anayeuliza. Mwakani nikisimama pale kwako nitawasimulia ile Jumapili ya baridi kali, koti lako likiwa limelowa, ulipoamka gizani ukavaa sweta langu la mtumba, la waridi, lenye maua kifuani. Ukalivaa mpaka kanisani bila kujua. Ulipofika mimbarani kusoma somo, ndipo kukapambazuka vizuri, kwaya yote ikainamisha vichwa. Ukajitazama. Ukawatazama. Ukasema, "Baridi haichagui rangi. Tusimame kwa Neno la Bwana."

Na ukasoma somo lote mpaka mwisho, kwa sauti kubwa, bila kulivua.

Pumzika, Baba. Nakuahidi wataijua siku hiyo.

Mwanao,
Luiza