Kile Kirefu

Jumatatu, 2 Julai 1956

Nimeosha masufuria ya bweni. Nimekaa kwenye ngazi za jikoni, blanketi mabegani. Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama: si kwamba sijui majibu. Najua karibu yote. Mwalimu wetu, Bibi Grant, akiniita nisimame, jibu linafika kooni na kukwama hapo. Yeye hungoja. Darasa zima linageuka. Mwishowe anasema nina kiburi, nikae. Afadhali angesema mjinga.

Likizo imeanza. Kwetu Iringa ni mbali mno kwa likizo fupi, nimebaki. Bibi Grant amenichagua nifuatane naye na dada yake kupanda Mlima Rungwe kwa miguu, siku tatu. Dada yake, Bibi Ellen, amekuja kumtembelea kutoka Ulaya. Hajui Kiswahili na anatembea polepole. Nitakuwa nyuma naye, nikimfasiria. Mimi!

Wa kutuongoza ni mama Sekela, anayeletea shule ndizi. Amezaliwa huku huku mlimani. Safari ikienda vizuri, Bibi Grant atampa kuongoza walimu wote wanaokuja kiangazi. Nimemsikia mama Sekela akimwambia mpishi: "Nikiwa kule juu, hakuna wa kuniita nikateke maji." Anaitaka kazi hii sana. Naogopa nisije nikamharibia.

Jumanne, 3 Julai

Tuliondoka ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Hakuna wapagazi. Kila mtu na mzigo wake mgongoni, mama Sekela na wake kichwani. Bibi Grant anasema msafara mkubwa unaukanyaga msitu. Tufuatane mstari mmoja. Tusikate mti, kuni ziwe zilizoanguka zenyewe. Kila tulichokuja nacho turudi nacho, hata maganda ya machungwa. Ana mfuko wa maganda. Mama Sekela alicheka mpaka mzigo ukayumba.

"Kumbe maganda nayo yana kwao!"

Nilimfasiria Bibi Ellen, naye akacheka. Kwake sauti inatoka. Labda kwa sababu hanisahihishi.

Juu ya mibuni njia iligawanyika. Bibi Grant akauliza njia ya mlima ni ipi. Mama Sekela akaonyesha kulia.

"Kile kirefu kiko huku, Bibi."

"Ule mrefu," akasema Bibi Grant. "Mlima. Mlima ule mrefu uko huku. Haya, sema."

Mama Sekela hakusema.

"Mlima."

Akatazama vidole vya miguu yake. Bibi Grant akangoja. Nakujua kule kungoja. Ilikuwa kana kwamba nimeitwa mimi.

Mwishowe tukaenda. Bibi Grant akaniambia kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyu ni mkaidi. Njia ya kulia ilikuwa ya kuzunguka, upupu na matope. Ile ya kushoto ilikuwa pana na kavu. Sote tuliiona.

Jumatano, 4 Julai

Baridi kali. Majani ya nje ya hema yalikuwa meupe.

Asubuhi tulipita ukingoni mwa msitu. Mzee mmoja akatokea mbele na fimbo ya mwanzi, anatafuta ng'ombe wake. Mama Sekela akautua mzigo, akaruka nje ya njia, akajifunika kanga kichwani na kuchutama kwenye magugu, akawapa watu mgongo. Mzee naye akageuza uso, akapitia mbali. Bibi Grant alikuwa ametangulia. Alipogeuka aliona tu mzigo njiani na kiongozi hayupo. Hakupenda.

Nilimwuliza mama Sekela taratibu. Akasema ni baba wa mume wake. Kwa Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hapiti uani kwake, hataji jina lake wala neno linalofanana nalo. Njia ya kushoto inapita uani kwake.

Nikauliza mzee anaitwaje. Swali la kijinga. Akanikodolea macho.

"We Mhehe, unataka nife?" Kisha akainua kidevu kuelekea kileleni. "Jina lake hilo hapo. Weka Mwa mbele."

Mwa. Mlima. Mwamlima.

Kwa Kinyakyusa mlima una neno jingine, hapati shida. Kiswahili ndicho kilichomtia taabuni. Kwa hiyo anasema kile kirefu. Na Bibi Grant anadhani hajui ngeli!

Nilimwuliza mbona hamwelezi Bibi Grant.

"Nimzungumzie mkwe wangu kwa wageni? Siwezi. Mweleze wewe, mwenye mdomo wa Kiingereza. Si mnasema nyie Wahehe ni watu wa vita?"

Mchana tulifika juu. Mawingu yalifunguka na Ziwa Nyasa likaonekana chini kabisa. Mbega walikuwa wakiguruma kwenye miti tuliyoiacha. Nilifurahi. Sina neno jingine. Bibi Grant alikaa karibu nami, akanimiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe. Ilikuwa nafasi yangu. Nikafungua mdomo. Nikasema asante.

Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 5 Julai

Mengi. Nitaandika yote.

Kwenye mianzi Bibi Ellen aliteleza. Kifundo cha mguu kilivimba papo hapo. Tulimshika huku na huku mpaka pale njia zinapokutana. Bibi Grant akasema tushuke ile pana, ni fupi.

"Hakuna njia huko," akasema mama Sekela.

Uongo. Njia ilikuwa mbele ya macho yetu, na kinyesi cha ng'ombe juu yake. Bibi Grant alipauka. Akasema hawezi kumkabidhi watu mtu anayesema uongo mgonjwa akiwapo. Aweke mzigo aende zake, na walimu watatafutiwa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

Mama Sekela akaanza kuutua mzigo. Hakunitazama.

Nikasema "Bibi." Bibi Grant akanigeukia, akaanza kungoja kule kwake.

Nikampa mgongo. Sijui nilipata wapi adabu mbaya hiyo. Nikachutama mbele ya Bibi Ellen, aliyekaa chini ameshika mguu, nikamweleza yeye. Kwa Kiingereza, kama ninafasiri tu. Mkwe. Ua. Jina. Kwa nini kile na si ule. Nilikosea maneno mengi, sikusimama.

Bibi Ellen akamwambia dada yake: "Na wewe Margaret ukamlazimisha alitamke?"

Bibi Grant alikaa juu ya mzigo wake. Masikio yalikuwa mekundu. Akaniuliza nimelijua tangu lini. Nikasema jana. Akatikisa kichwa, akasema nilipaswa kumwambia. Kweli. Kisha akamwambia mama Sekela samahani, kwa Kiswahili safi. Mama Sekela akajibu, "Ndaga, Bibi," asante ya kwao, akajitwisha tena.

Lakini mguu ulibaki mguu. Njia ya upupu isingewezekana. Mtu atangulie kumwomba mzee. Waliobaki wote walikuwa wazungu au mkwe. Nikaenda.

Alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, anaota jua. Nikapiga hodi, nikapiga magoti, nikasema mkwe wako anapita na mgonjwa, tunaomba nafasi. Ilitoka mara moja. Akacheka, akachukua kigoda chake.

"Apite, mjukuu wangu. Ila apite upesi. Jua hili nimelingoja tangu asubuhi."

Akaingia ndani, akafunga mlango mwenyewe. Nikawaita. Mama Sekela alipita amefunika uso wote, nikimwongoza kwa mkono kama kipofu. Kutoka ndani mzee akauliza kwa sauti kubwa, si kwa mtu fulani, kama kule juu kuna baridi. Nikajibu ipo nyingi, babu.

Ijumaa, 6 Julai

Nimelala mchana kutwa. Nimefukia maganda bustanini. Miguu inauma.

Jumatatu, 16 Julai

Wenzangu wamerudi. Bweni lina kelele na harufu ya makwao. Bibi Ellen anatembea na mkongojo.

Kwenye ubao wa matangazo kuna karatasi, mwandiko wa Bibi Grant. Agosti walimu watapanda kile kirefu. Kiongozi, mama Sekela. Kila mtu aje na mfuko wa maganda yake.

Wasichana walijaa pale wakicheka. "Jamani, Bibi kakosea! Kile!" "Leo na yeye arudie mara kumi, kama sisi!"

Nilisema hajakosea. Wote wakanigeukia. Nikangoja. Wao pia wakangoja. Kisha nikawaeleza, kuanzia njia ilipogawanyika.

Halafu kengele ikalia, nikaenda kuosha masufuria.